Treni ya Barazani

Watoto wetu hapa Ziwani, Mtwara, hawajaona treni. Ile ya bandarini Mtwara hadi Nachingwea, iliyotokana na mpango wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwaka 1962, na reli zikang'olewa. Basi tumeijenga barazani: reli za mianzi, mabehewa ya makopo ya samaki, magurudumu ya vizibo vya soda. Mwanzoni ilikuwa pima moja. Sasa baraza zima limejaa, hata pa kuanika mihogo hakuna! Kingo za makopo tunazigonga kwanza kwa nyundo, akina mama, maana sisi wauguzi tumeshona vidole vingi. Juzi babu mmoja aliyeipanda treni ile alikuja, akaisogeza stesheni ya Mtwara karibu na gati.