Kipimo cha Sumu Katika Damu

Sumu ni za namna mbili. Iko sumu iuayo upesi, ambayo mtu akiinywa asubuhi huzikwa jioni, na kila aliyekuwapo hujua kilichomwua. Tena iko sumu ya pole, iingiayo mwilini leo na kudhihirisha madhara yake baada ya miaka ishirini au thelathini, wakati ambapo aliyeipata amekwisha sahau mahali alipokutana nayo. Ya kwanza ina mashahidi wengi kuliko wahitajiwao. Ya pili haina shahidi, na mtu atakaye kuishtaki kwa kosa la saratani hana budi kumtafuta shahidi kwa taabu. Tena akimpata, haitoshi kumwuliza kama sumu ilikuwapo, bali lazima amwulize ilikuwa kiasi gani.

Swali hilo la kiasi lilimshughulisha Lars Ehrenberg kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alizaliwa mwaka 1921, akafariki mwaka 2005, na alikuwa profesa wa elimu ya mionzi katika viumbe hai katika Chuo Kikuu cha Stockholm, nchini Uswidi. Hakuanza na damu ya watu. Alianza na mbegu za shayiri. Katika kuzipiga mionzi ili zizae mimea ya sura mpya, yeye na wenzake waliona kuwa zipo kemikali zifanyazo kazi ile ile ya mionzi, yaani kubadili urithi wa kiumbe. Kemikali hizo zina tabia moja: zina upungufu wa elektroni, basi hazitulii mpaka zimejishikiza mahali palipo na elektroni za ziada. Mahali kama hapo pamejaa tele katika mwili, katika protini na katika DNA, ambayo ndiyo daftari ya urithi. Zikishika protini, jambo hilo aghalabu si kubwa. Zikishika DNA, chembe yaweza kuandikwa upya kwa makosa, na kosa moja katika mengi laweza kuwa mwanzo wa saratani.

Mionzi ina vipimo vyake vinavyojulikana. Kemikali hizi hazikuwa na kipimo cha kulingana navyo. Kupima hewa ya kiwandani hakutoshi, maana watu wawili wavutao hewa moja hawapati sumu sawa: mwili wa huyu huivunja upesi, wa yule huichelewesha. Lenye kudhuru ni wingi wa kemikali ndani ya mwili mara muda uliokaa humo. Lakini kemikali yenyewe hudumu kwa saa chache tu, kisha hupotea kama mgeni aliyeondoka usiku.

Katika miaka ya 1970 Ehrenberg na wenzake walionyesha kuwa mgeni huyo huacha alama. Himoglobini, protini iipayo damu wekundu wake, hushikwa na kemikali hizi kama vile DNA ishikwavyo. Lakini DNA ina mafundi waitengenezao na kuondoa alama, ilhali himoglobini haina. Chembe nyekundu ya damu huishi siku zipatazo 120, na alama iliyotiwa siku ya kwanza hukaa mpaka chembe ife. Ni kama mwenye duka achoraye deni la mteja ukutani kwa mkaa: mteja amekwenda zake, lakini mistari yahesabika. Mwaka 1986 Margareta Törnqvist, akifanya kazi pamoja na Ehrenberg na wengine, alitangaza njia ya kukata kipande cha mwisho tu cha mnyororo wa protini, kile kilichobeba mzigo, pasipo kuhitaji kuvunja mnyororo wote. Tangu hapo hesabu iliwezekana kwa damu kidogo, na kwa alama zilizo chache mno.

Faida ya kwanza ilionekana kwa gesi ya ethilini oksidi, itumikayo kusafishia vyombo vya hospitali visivyovumilia moto. Visa vya saratani ya damu miongoni mwa wafanyakazi walioishughulikia vilitangazwa huko huko Uswidi mwaka 1979, na mwaka 1994 gesi hiyo iliwekwa katika daraja la vitu ambavyo bila shaka huleta saratani kwa binadamu. Ehrenberg alikuwa ametaka hatari yake isemwe kwa lugha ya mionzi: kiasi hiki cha gesi ndani ya mwili ni sawa na kiasi hiki cha mionzi. Wako waliopinga ulinganifu huo. Hata hivyo ulikuwa na heshima moja, kuwa ulimlazimisha mtu kutaja tarakimu mahali ambapo wengine waliridhika kusema "hatari kubwa" au "hatari ndogo".

Mwaka 1997, kusini mwa Uswidi, watu walikuwa wakichimba handaki la reli chini ya kilima kirefu kiitwacho Hallandsås. Maji yalibubujika ndani kuliko ilivyotazamiwa, na ili kuziba nyufa za mwamba ilisukumwa humo dawa yenye akrilamidi. Dawa haikuganda yote. Ilitoka na maji mpaka kwenye kijito. Samaki wakafa, na ng'ombe walionywa maji hayo wakapooza miguu. Kazi ilisimamishwa mwezi wa Oktoba. Wakulima wa mahali pale waliona mazao yao yamekuwa kitu cha kuogopwa, na wachimbaji, ambao baadhi yao walisikia ganzi vidoleni, walitaka kujua wamepata nini. Damu ya wachimbaji zaidi ya 200 ilipimwa kwa njia ya Stockholm, nayo ikajibu: alama za akrilamidi zilikuwamo, na kwa wengine zilikuwa nyingi.

Lakini kipimo chochote chahitaji kundi la kulinganishia. Ilipimwa pia damu ya watu ambao hawakuwahi kukanyaga handakini, na damu hiyo nayo ilikuwa na alama. Kwa wavutaji wa tumbaku sababu ilijulikana, kwani moshi wake una akrilamidi. Wasiovuta je? Hapa ndipo mtafiti hujaribiwa. Ni rahisi sana kuiita alama ndogo kama hiyo uchafu wa chombo, kuitoa katika hesabu, na kuendelea na jambo aliloombwa. Hakuna ambaye angemlaumu. Törnqvist na wenzake hawakuitoa. Waliuliza ni kitu gani kiwapatacho watu wote, kila siku, wala hakionekani. Wakageuza macho kuelekea jikoni.

Panya walilishwa chakula kilichokaangwa, na wengine chakula kile kile kisichokaangwa. Alama katika damu ya wale wa kwanza zilipanda sana, na habari hiyo ilichapishwa mwaka 2000. Kisha chakula cha watu kilipimwa chenyewe. Katika nyama iliyopikwa kwa moto mkali zilionekana mikrogramu 5 mpaka 50 katika kila kilo. Katika viazi na vyakula vingine vya wanga, 150 mpaka 4,000. Katika chakula kibichi au kilichochemshwa, hakikuonekana kitu. Matokeo yalitangazwa Stockholm tarehe 24 Aprili 2002. Hofu ikaenea duniani kwa siku chache. Kabla mwaka haujaisha, wakemia wa Uingereza na Uswisi walieleza chanzo: asparajini, iliyo nyingi katika viazi, hukutana na sukari katika joto lipitalo nyuzi 120, na rangi ya kahawia ipendwayo na walaji hutoka katika ndoa ile ile. Buni ikaangwapo hupata fungu lake pia. Chungu cha kuchemshia hakimo katika lawama hii.

Je, chakula hicho kimeua wangapi? Panya wapewao akrilamidi kwa wingi hupata uvimbe wa saratani. Uchunguzi mwingi uliofanywa kwa watu tangu mwaka 2002 haukuonyesha uhusiano ulio wazi kwa saratani nyingi. Hata hivyo mamlaka ya chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kuwa hatari yaweza kuongezeka kwa watu wa umri wote, na tangu mwaka 2018 Umoja wa Ulaya umewataka watengenezaji wapunguze. Mambo haya mawili hayapingani kama yaonekanavyo. Kutafuta tofauti kati ya walao na wasiokula ni vigumu pale ambapo wote hula, na ongezeko dogo hufichwa na wingi wa magonjwa yenye sababu nyingine. Kwa sababu hiyo shule ya Ehrenberg ilichagua njia ya kupima kiasi katika damu ya mnyama aliyeugua na katika damu ya mtu, kisha kukadiria. Makadirio hayo yaweza kukosea. Bali yaonyesha wazi mahali pa kuyakosoa.

Handaki la Hallandsås lilifunguliwa mwezi wa Desemba 2015, miaka 23 baada ya kuanzwa. Chembe za damu zilizotoa ushahidi mwaka 1997 zilikuwa zimekufa zote ndani ya miezi michache, na katika zile zilizozaliwa baada yake alama ya mwambani ilitoweka, ikabaki ya jikoni.