Kupauka

Kwetu Lindi mtoto akipauka, aibu ni ya mama yake. Mtoto anaitwa mbele za watu, anashikwa mkono, anapakwa mafuta papo hapo, na mambo yanaisha. Nimekua nikijua hivyo: kupauka ni uzembe, na dawa yake ni kiganja kimoja cha mafuta. Kisha nikaja Delhi kusoma shahada ya uzamili, na Desemba yangu ya kwanza nikapauka mpaka mama mwenye duka la mboga akaniuliza kama naumwa.

Mtu wa Ulaya ataicheka baridi ya Delhi. Usiku wa Januari nyuzijoto hushuka hadi 7 hivi, mara nyingine 4. Lakini nyumba za hapa zimejengwa kupambana na joto la Mei: sakafu ya mawe, madirisha yasiyofunga sawasawa, hakuna cha kupasha nyumba nzima. Chumba changu cha Munirka kilikuwa na hita moja ya umeme, ile ya waya mwekundu, nami nilisoma nimeikumbatia karibu niungue. Asubuhi nilijimwagia ndoo ya maji ya moto yanayofuka mvuke, kwa sababu hizo ndizo dakika kumi pekee za siku nilizosikia joto. Baadaye nilijifunza kwamba ndizo zilikuwa zikinimaliza: maji ya moto na sabuni huondoa mafuta ya asili yanayozuia maji ya mwilini yasitoroke kupitia ngozi, na hewa kavu ya hita humalizia kazi.

Magaga niliyategemea. Miguu kuwasha usiku, nayo sawa. Ila uso sikuuelewa. Mashavu yalikuwa mekundu, yanachoma kama yamepakwa pilipili, na pembeni mwa pua ngozi ilibanduka vipande vipande. Losheni ya kawaida ikiniuma machozi yananitoka.

Jirani yangu wa chumba cha pili, msichana wa Kerala, aliniangalia wiki nzima bila kusema kitu. Jumamosi akagonga mlango na kuniambia nivae viatu, tunakwenda kwa vaidya.

Nilitegemea kukuta mzee mwenye ndevu na moshi wa udi. Nikamkuta mama wa makamo aliyevaa sweta la kijani, kompyuta mezani, na cheti ukutani. Anayetaka kuwa daktari wa Ayurveda India husoma miaka mitano na nusu, mwaka wa mwisho ukiwa wa mafunzo ya vitendo. Alinipima mapigo ya mkono kwa vidole vitatu, akatazama ulimi, akauliza napata choo vipi, nalala saa ngapi, nakula nini. Maswali ya bibi, nikawaza.

Kisha akaeleza. Katika Ayurveda mwili unaendeshwa na nguvu tatu, na mojawapo, vata, ina tabia ya upepo: ni kavu, baridi, nyepesi, yenye kukwaruza. Baridi ya kaskazini mwa India ina tabia hizohizo. Na kanuni ya taaluma hii ni kwamba kitu huongezwa na kinachofanana nacho na kupunguzwa na kinyume chake. Kwa hiyo mtu aliyekauka hapewi biskuti kavu na chai ya rangi, chakula nilichokuwa naishi nacho. Anapewa supu, samli, ufuta, vitu vya moto na vizito, maana wanaamini kwamba majira ya baridi moto wa tumbo huwa mkali, na ukikosa cha kula huanza kuula mwili wenyewe. Na ngozi inapakwa mafuta ya uvuguvugu kabla ya kuoga. Kitabu chao kikongwe, Charaka Samhita, kinaufananisha mwili unaopakwa mafuta na ekseli ya mkokoteni. Huo mfano niliupenda. Hauna urembo ndani yake.

Sijui kama naamini habari za vata. Nasoma takwimu, na kitu kisichopimika hunipa kazi. Lakini alivyoyaeleza mazingira ya chumba changu bila kukiona, nilikaa kimya.

Halafu akauliza: "Kabla ya baridi, ulikuwa unapaka nini?"

"Losheni tu," nikasema.

Hakubisha. Aliuchukua mkono wangu, akaukunja ngumi, na kidole chake kikapita polepole juu ya viungo vya vidole vyangu, kimoja baada ya kingine. Ni vyeusi. Ukoo mzima wa watu wa mkorogo tunavyo. Mkono unakubali, uso unakubali, lakini viungo vya vidole vinakataa na kubaki mashahidi. Mtaani wana utani wao, uso wa Fanta, mikono ya Coca-Cola, nami nimewahi kuucheka nikiwa nimeficha mikono mfukoni.

Dada yangu ana saluni Mbagala. Anasuka, anaosha nywele, lakini kinacholipa kodi ya fremu ni makopo yaliyo chini ya kaunta, yasiyo na maandishi, ambayo anayachanganya mwenyewe Jumapili. Alianza kunipaka nikiwa kidato cha nne, likizo, kwa nia njema kabisa. Alisema mjini watu wanakutazama kwanza. Tiketi yangu ya ndege kuja Delhi ilitoka kwenye makopo hayo. Nilipoondoka alinipa matatu, na la mwisho liliisha katikati ya Novemba, wiki ileile baridi ilipoanza. Ndiyo maana nililaumu baridi.

Nilimwambia vaidya yote, kwa sauti ndogo, jirani yangu akiwa amekaa pale pale.

Nilidhani sasa ataniuzia mafuta. Hakuniuzia. Alisema katika hali ile mafuta usoni hayatanisaidia, akaandika jina la idara ya ngozi katika hospitali ya serikali, akasema nianzie huko. Kwa tabia ya biashara ya afya jinsi ninavyoijua, hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Si wote wako hivyo. Dawa nyingine zinazouzwa kwa jina la Ayurveda zimeshapimwa zikakutwa na risasi na zebaki, na zebaki, kama tunavyojua sisi wa mkorogo, imo pia kwenye makopo ya aina nyingi.

Daktari wa ngozi hakushangaa hata kidogo. India nayo ina janga lake la krimu za weupe zenye steroidi, na wameshaipa hali ile jina. Steroidi kali ikipakwa usoni miezi na miaka huipunguza ngozi unene. Ukiiacha, ngozi hulipuka: inakuwa nyekundu, inachoma, inakauka. Mtu huona kwamba ameharibika kwa sababu ameacha, basi anarudia. Alinipa mpango wa wiki nane, mafuta mazito yasiyo na harufu, na cha kuzuia jua hata siku za ukungu. Ufuta usoni, hapana. Mwilini, kama ngozi haijachanika, nipake nipendavyo.

Basi nikaanza. Chupa ya mafuta ya ufuta ilikuwa kwenye duka la pembeni tu, na nilipoifungua nilisimama. Lindi na Mtwara ni mikoa ya ufuta, na India ni miongoni mwa wanunuzi wake. Sina ushahidi kwamba ufuta ule ulitoka kwetu. Lakini ile harufu ninaijua tangu sijaanza shule. Bibi alikuwa akichua nayo magoti kila baada ya Isha.

Utaratibu wenyewe hauna siri. Chupa unaiweka ndani ya bakuli la maji ya moto mpaka mafuta yawe vuguvugu. Unaanzia miguuni. Kwenye mifupa mirefu unavuta kwa urefu, kwenye viungo unazungusha: kifundo, goti, nyonga, kiwiko, bega. Unakaa nayo dakika kumi na tano au ishirini, umevaa nguo kuukuu kwa sababu mafuta ya ufuta hayatoki kwenye kitambaa. Kisha unaoga kwa maji ya uvuguvugu, na pale penye mafuta mengi unasugua unga wa dengu badala ya sabuni. Ukiwa na homa au tumbo limevurugika, unaacha. Wiki ya kwanza niliteleza bafuni mara mbili. Shuka zangu zote sasa zinanuka kashata.

Kigumu kilikuwa zile dakika ishirini. Mkorogo nilikuwa napaka usiku, haraka, taa imezimwa nusu. Huku inabidi uitazame ngozi na kuishika, uanze kuijua. Niligundua alama ya mshono kwenye goti nisiyoikumbuka. Niligundua mistari ya mchaniko mapajani iliyoletwa na steroidi, ambayo haitaondoka. Nilivikanda viungo vya vidole kwa muda mrefu kuliko sehemu yoyote, jambo lisilo na faida yoyote ya kitabibu.

Kwa Kisanskriti neno sneha ni mafuta, na ni upendo pia. Wapenzi wa Ayurveda hawachoki kukuambia hivyo. Jirani yangu aliponiambia nilikasirika, nikatoka nje. Upendo wa dada yangu nao ulikuja ndani ya kopo.

Tarehe 14 Januari, siku ya Makar Sankranti, watu hupeana vidonge vitamu vya ufuta na sukari guru. Mama wa duka la mboga alinipa viwili, akanitazama usoni, akatikisa kichwa kwa namna yao ya kuridhika. Miguu ilikuwa imetulia. Mashavu yalikuwa bado, ila yalikuwa yanarudia rangi yake.

Dada alipiga video siku chache baadaye. "Mdogo wangu, mbona umekuwa mweusi? Huko hamli?" Nyuma yake draya ilikuwa ikinguruma. Nikamwambia. Sikupanga maneno vizuri, nilichanganya steroidi na zebaki na hita. Alinisikiliza mpaka mteja mmoja akauliza bei ya kopo, dada akajibu bei, akaniambia, "Tutaongea," akakata.

Nikakaa siku tisa bila simu. Wala ujumbe.

Siku ya kumi alipiga saa sita usiku kwangu, saa tatu na nusu kwake. Alikuwa ameosha uso, amefunga kilemba. Hakusalimia. Aliisogeza simu mpaka shavu likajaa kiooni, na chini ya taa nikaona vimishipa vidogo vyekundu kama mizizi ya mchicha.

"Hapa panachoma nikikaa jikoni," akasema. "Na wewe palianza hivi?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia asiache peke yake kwa siku moja, aende kwanza kwa daktari wa ngozi.

Akakaa kimya, halafu akauliza daktari wa ngozi huwa anachukua shilingi ngapi.