Banjo ya Kibua: Ngozi, Nyuzi na Majina

Mwanafunzi wa isimu akiulizwa neno "banjo" liliingiaje katika Kiswahili, atajibu haraka kwamba tumelikopa: watu wa pwani kwa Waingereza, sisi wa Kongo kwa Wabelgiji na Kifaransa chao. Jibu hilo si baya, ila linaanza hadithi katikati. Daktari Hans Sloane alifika Jamaika mwaka 1687, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1707 aliweka mchoro wa ala za Waafrika waliokuwa watumwa kule: vibuyu vilivyowambwa ngozi, vyenye shingo ya mti na nyuzi. Miaka ya 1780 Thomas Jefferson aliandika kwamba ala hiyo, aliyoiita banjar, watu weusi walitoka nayo Afrika. Huko Haiti iliitwa banza, na moja iliyochukuliwa na Mfaransa Victor Schoelcher mwaka 1841 imehifadhiwa Paris. Wajola wa Senegal na Gambia wanapiga hadi leo akonting, yenye kibuyu, ngozi na nyuzi tatu. Ama neno lenyewe, asili inayotajwa mara nyingi ni mbanza ya Kimbundu, lugha ya Angola. Kama ni hivyo, basi ni neno la Kibantu lililovushwa bahari kwa nguvu, likazungushwa vinywani mwa mataifa, kisha likarudi kwetu na kuhesabiwa mgeni.

Hayo yote msomaji anaweza kuyapata maktabani. Ninayotaka kuyaeleza hapa niliyapata kwa kununua banjo moja kuukuu huko Kibua na kuitengeneza mpaka ikalia.

Kibua iko kwenye barabara itokayo Masisi kwenda Walikale, pale maeneo hayo mawili yanapokutana. Sokoni utasikia Kinyanga, Kihunde na Kinyarwanda, na Kiswahili kikiwaunganisha wote. Ndiko nilikozaliwa. Kwa utafiti wangu wa mwisho wa masomo nilichagua majina ya vyombo katika Kinyanga. Watu wa kitivo chetu wakisikia Kinyanga hukumbuka Mwindo, shujaa ambaye habari zake zilisimuliwa na Shekarisi Rureke mwaka 1956, nao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakazitoa katika kitabu mwaka 1969. Shujaa amepata kitabu chake. Mimi nilitaka kufuata vitu vya chini zaidi: mpini, kamba, kigingi, mfuniko.

Walinielekeza kwa mzee mmoja ambaye nitamwita Mzee tu. Alipokuwa mtoto alipiga zeze la ubao na kibuyu, ala ambayo Wanande na Wakonjo huiita enzenze. Baadaye alifanya kazi katika shamba la mlowezi Mbelgiji upande wa Masisi. Mlowezi alipoondoka mwaka 1960, alimwachia banjo badala ya mshahara wa mwezi wa mwisho. Ilikuwa ya kiwandani, ya nyuzi nne, ya aina iliyovuma Marekani na Ulaya miaka ya 1920 kabla gitaa halijaipokonya nafasi. Na huku kwetu pia gitaa lilishinda. Mzee alisema vijana wote walitaka kupiga kama Mwenda Jean Bosco, yule wa Katanga ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, naye akabaki peke yake na kile walichokiita "sufuria ya Mzungu".

Siku tatu tulikaa na orodha yangu ya maneno. Mimi nasoma kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa Kinyanga. Katika sehemu ya ala za muziki nilipata maneno sita. Nikimuuliza sehemu ya ala ambayo haioni wala haishiki, alikuwa akitazama mlangoni na kusema, "Iko na jina, mjukuu wangu. Itakuja." Siku ya nne nikamwomba anionyeshe banjo yenyewe. Akamtuma kijana apande darini, mahali ilipofichwa kila mara familia ilipokimbia vita. Wamekimbia mara tatu. Mtu akikimbia hubeba mtoto, sufuria na godoro; banjo hubaki na moshi.

Ngozi yake ilikuwa imeliwa na panya. Kulabu zilizozunguka duara la mbao zilishikana kwa kutu. Uzi ulikuwa mmoja. Nikasema, "Babu, hii imekufa." Akaigonga duara kwa kidole, akasikiliza. "Haikufe. Ililala tu."

Nilipomwambia nataka kuinunua, hakutaja bei siku hiyo. Aliwaita wanawe wawili na dada yake, wakazungumza jioni nzima, kwa sababu kitu kilichokuja kama mshahara ni cha nyumba yote. Asubuhi nikapewa jibu: mbuzi mmoja dume, mzima, na banjo isitoke Kibua kabla ya kulia. Mbuzi nilimpata kwa dola 60, na dola hizo zilikuwa nauli yangu ya kurudi Goma pamoja na chakula cha wiki mbili. Nikamtumia ujumbe mama mdogo, akanikopesha. Mbuzi akachinjwa, nyama ikaliwa na ukoo, na ngozi Mzee akaniwekea mimi. Ndipo nilipoelewa kwamba bei ile ilikuwa pia ndiyo dawa ya banjo.

Ngozi tuliilaza ndani ya maji ya majivu mpaka manyoya yakaachia, tukaikwangua mafuta kwa kipande cha chupa, tukaiosha, kisha tukaiwamba ikiwa bado mbichi. Hapa naomba wenzangu wa isimu linganishi watue kidogo. Kiswahili kina "wamba". Kinyarwanda kina "kubamba", kinachotumika kwa ngozi na pia kwa Kristo msalabani. Na mzizi wa Kibantu asilia ni huo huo wa kutandaza na kukaza ngozi kwa vigingi. Jirani mmoja alikuja kutazama akasema kwa Kinyarwanda tunachokifanya, Mzee akamjibu kwa Kinyanga, mimi nikaandika kwa Kiswahili. Mbuzi mmoja, lugha tatu, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Ngozi mbichi huzungushwa kwenye pete nyembamba ya waya, juu yake hukaa pete nzito ya chuma, na kulabu huivuta pete hiyo chini. Kanuni ni kukaza kulabu zinazotazamana: moja ya huku, moja ya kule, nusu mzunguko tu kila mara, la sivyo ngozi huvutwa upande mmoja. Tuliiacha kivulini siku mbili. Ikikauka juani hupasuka, isipokauka hailii. Na Kibua ni mahali pa mvua. Kila asubuhi ya ukungu ngozi ililegea na sauti ikashuka, na kila alasiri ya jua ikapanda tena.

Shingo ilikuwa imeinuka mbele, nyuzi zikakaa juu mno kwa vidole. Tulimpelekea fundi wa chukudu, kwa kuwa anayeweza kusimamisha gurudumu la mbao chini ya magunia ya viazi hawezi kushindwa na shingo ya banjo. Alitazama ule mti unaopita ndani ya duara kutoka shingoni hadi mkiani, akachonga kabari nyembamba kama ukucha, akaigongomea mahali shingo inapokutana na duara. Nyuzi zikashuka. Hakutoza kitu, alitaka tu kuja kusikiliza siku ya kwanza.

Nyuzi zenyewe zilitoka Goma kwa dereva wa pikipiki, zikiwa za gitaa. Uzi wa gitaa una kidonge cha shaba mwishoni, na banjo ya namna hii hutaka kitanzi. Watoto wa jirani, ambao hutengeneza banjo zao kwa mkebe wa mafuta ya msaada na nyuzi za kebo ya breki, ndio walionionyesha: unakibana kidonge kwa koleo mpaka kivunjike, kitanzi kinabaki. Mmoja wao hana miaka kumi. Yeye husema "mabanjo" bila kusita, na ya kwake ameiita banjo muda mrefu kabla hajaiona hii ya kiwandani.

Ikabaki kile kijiti kinachosimama juu ya ngozi na kubeba nyuzi. Hakigandishwi wala hakipigiliwi msumari. Kinashikwa na uzito wa nyuzi peke yake, na mahali pake ndipo ukweli wa sauti ulipo. Nilipima kwa mita ya fundi: kutoka mwanzo wa shingo hadi kipande cha chuma cha 12 ni sentimita 29, kwa hiyo kutoka hapo hadi kijiti ni 29 nyingine, na nywele moja zaidi, kwa sababu uzi ukibonyezwa hutanuka. Waingereza hukiita kijiti hicho daraja. Wafaransa hukiita farasi mdogo. Mzee, akiwa amekishika kwa vidole viwili, alisema kwa Kiswahili, "Huyu ni punda, yule wa Biblia. Anabeba wote na hasemi."

Tangu wakati huo maneno hayakungoja maswali. Kila alichokigusa alikitaja kwa Kinyanga, na mimi nilikuwa na kazi ya kuandika tu. Kutoka maneno sita nikafika kumi na tisa. Ninachokiona katika kumi na tisa hayo ni hiki: hakuna hata moja lililotoka kwa mlowezi. Sehemu ambazo zeze pia linazo zilichukua majina ya zeze. Sehemu ambazo zeze halina zilipewa majina ya mwili na ya nyumba. Kinachoitwa shingo kwa Kiswahili na mpini kwa Kifaransa, yeye alikiita mkono. Vigingi ni masikio. Kulabu ni kucha. Duara la mbao lina jina la mdomo wa kapu. Jina la nje lilibaki moja tu, "banjo", lililosimama mlangoni. Ndani ya nyumba kila kitu kilizungumza Kinyanga.

Natoa maana bila maneno yenyewe kwa sababu maalumu. Kinyanga ni lugha ya toni, na toni za orodha hii bado sijazihakiki mbele ya aliyezitamka. Neno lenye toni ya kukisia likishachapwa, atalinukuu mwingine, na wa tatu atalifundisha.

Tukiangalia ukanda wetu, majina ya ala hayakai mahali pamoja. Inanga ya Rwanda na Burundi na lulanga ya Washi ni ubao uliochimbwa kama hori na kutandazwa nyuzi. Ennanga ya Waganda ni kinubi cha upinde. Jina limekubali mwili mwingine. Kinanda katika Kiswahili cha zamani kilikuwa ala ya nyuzi, kisha kikaenda kanisani na kuota vibao vya kubonyeza. Kwa hiyo kuuliza tu "neno hili limetoka wapi" ni kuuliza nusu. Nusu ya pili ni kuuliza ni mkono gani ulilipokea, na ulikuwa ukishika nini kabla yake. Swali hili la pili halijibiwi na kamusi, na orodha ya maneno hulijibu kidogo. Linajibiwa na mtu aliye kazini.

Siku banjo ilipolia, Mzee hakuilinganisha kwa do-sol-re-la ninavyoijua mimi. Aliimba sauti moja ya chini, ya kifuani mwake, akaweka uzi wa kwanza hapo, na nyingine zikamfuata huyo. Akapiga kwa kidole gumba tu, kama zeze. Fundi wa chukudu alikuja, na watoto walikuja na mikebe yao. Sikurekodi zaidi ya dakika nane kwa sababu simu iliisha moto.

Nilipoondoka kulikuwa na nafasi tatu tupu katika daftari. Ya kwanza ni jina la ile kabari. Ya pili ni jina la pete nzito ya chuma. Ya tatu ni kitenzi: Mzee alisema baba yake alikuwa na neno moja kwa ngozi inayolegea asubuhi ya ukungu, la ngozi tu, halisemwi kwa kamba wala kwa nguo. Alisema litakuja.

Tangu hapo vita vimepita Kibua tena. Walioniletea habari wanasema familia ilielekea upande wa Walikale, na namba yake ya simu haipatikani. Banjo iko nami. Ngozi bado inashuka na kupanda, na kila asubuhi ya ukungu kinatokea kile kitendo ambacho jina lake sinalo. Ningeweza kujaza nafasi zile kwa neno la jirani la Kihunde, au la Kifaransa, na orodha ingeonekana kamili mbele ya jopo. Nimeziacha tupu, na katika tasnifu zitachapwa hivyo hivyo, kila moja na namba yake.

Kama kuna mwenzangu ambaye ana mzee wa Kinyanga nyumbani aliyewahi kuwamba ngozi ya ngoma au ya zeze, naomba asimpelekee orodha yangu. Ampelekee ngozi.