Siku Niliyojiona Muzima



Leo nataka kuzungumuza nawe habari ya ugonjwa unaofichwa katika jamaa nyingi. Tukiwa na malaria, tunaomba kanisa lote lituombee. Lakini ndugu akiugua akili, tunafunga mulango, tunasema: "Alisafiri." Mimi mwenyewe nilifichwa hivyo. Basi usome polepole, kisha uwasomee wa nyumbani.

Nilikuwa fundi wa umeme katika Gécamines. Mwaka 2003, wakati maelfu ya watumishi walipotoka kazini kwa mupango wa départs volontaires, mimi vilevile nilitia sahihi, nikapokea franga zangu za mwisho. Labda unafikiri niliketi na mama wa watoto, tukapiga hesabu. Hapana. Siku zile nilikuwa nikilala saa mbili tu usiku, na asubuhi sikusikia uchovu. Nilisema sana, nilicheka sana, nilijiona kama naweza kujenga barabara toka Kolwezi mpaka Kalemie kwa mikono yangu. Kwa wiki tatu nilinunua kamyo isiyo na motere, mbuzi 40 bila zizi, na nguo za kwaya nzima. Muke wangu alilia: "Baba, hii franga ni ya batoto! Tutakula nini?" Nikamujibu kwamba imani yake ni ndogo.

Mbuzi wengine walikufa, wengine waliibiwa. Kamyo tuliiuza kama chuma.

Kisha giza likaingia. Nililala kitandani miezi miwili. Kuoga ilikuwa kazi kama kupanda mulima. Bukari mudomoni ilikuwa kama udongo. Siku moja nilifikiri kwamba nikifa, jamaa yangu itapumzika. Nilimuambia mudogo wangu neno lile. Hakunigombeza, hakukimbia. Alisema tu: "Yaya, leo minalala hapa." Akaondoa kamba na sumu ya panya nyumbani, akatandika mukeka mulangoni pangu. Kama ningali hai, ni kwa sababu ya usiku ule.

Watu walisema nini?

Unayajua. Wengine: "Banamuloga juu ya franga." Wengine: "Ni mashetani." Nikapelekwa ku nyumba moja ya maombi, nikafungwa kamba siku tatu bila kula. Sisemi vibaya juu ya maombi. Mimi naomba kila siku. Lakini ile kamba iliniachia alama mukononi, wala haikuniponyesha. Mugonjwa wa namna hii asipolala na asipokula, anazidi kuugua.

Fungua habari ya nabii Elia, 1 Wafalme 19. Alichoka, akaketi chini ya muti, akaomba afe. Malaika hakumufunga kamba, hakumukaripia. Alimuacha alale, akamupa mukate na maji, tena mara mbili. Mafundisho yalikuja nyuma.

Ni ugonjwa gani?

Mwaka 2004 jamaa walinipeleka Lubumbashi kwa munganga wa magonjwa ya akili. Aliuliza juu ya usingizi, juu ya franga, kisha akauliza: "Katika jamaa yenu kuna mwingine?" Tukamukumbuka baba mukubwa, aliyekuwa akihubiri sokoni usiku kucha, kisha anakaa kimya miezi mizima. Mara nyingi ugonjwa huu unapita katika jamaa, lakini si kila mutoto anaupata, na si laana.

Kwa Kifaransa unaitwa trouble bipolaire, maana yake ugonjwa wa pande mbili. Kuna wakati moyo unapanda kupita kipimo: furaha ao hasira isiyo ya kawaida, inayoendelea wiki nzima ao zaidi, usingizi kidogo bila uchovu, maneno mengi, franga kutupwa. Kuna wakati unashuka: huzuni ya wiki mbili ao zaidi, mwili muzito, mawazo ya kufa. Katikati mutu anaweza kukaa vizuri miezi ao miaka. Ni kama ugonjwa wa sukari: hauondoki, lakini unatawaliwa.

Dawa gani? Sisi watu wa migodi tunajua jina la lithium, ile iliyo katika mawe ya Manono, inayotafutwa leo kwa ajili ya betri. Mwaka 1949 munganga mumoja wa Australia, John Cade, alitangaza kwamba chumvi za lithium zinatuliza wagonjwa waliopanda. Mpaka leo ni dawa kubwa ya ugonjwa huu. Lakini usiende kulamba mawe! Kati ya kipimo kinachoponyesha na kipimo cha sumu kuna nafasi ndogo. Kwa hiyo anayemeza lithium anapimwa damu, anakunywa maji ya kutosha, hapunguzi chumvi ya chakula kwa gafula, wala hachanganyi na ibuprofène bila kumuuliza munganga. Akihara ao kutapika sana, mikono ikitetemeka kwa nguvu, ao akitembea kama mulevi, apelekwe hospitali mara moja.

Mimi napewa carbamazépine, ile ambayo wagonjwa wa kifafa pia wanameza. Kuna nyingine, valproate. Hiyo inaweza kumuharibu mutoto tumboni, kwa hiyo mwanamuke anayeweza kupata mimba amuambie munganga mbele ya kuanza dawa yoyote.

Kosa langu

Miaka mitano nilimeza kinini. Nilitengeneza umeme katika nyumba za watu, tulikula, watoto walisoma. Basi mwaka 2009 nikajiona muzima. Nikasimama kanisani, nikatoa ushuhuda kwamba nilipona, na kinini nikazitupa katika choo. Watu wakapiga vigelegele.

Nikuambie siri: ule wakati wa kupanda ni tamu. Mutu anayeshikwa nao hajioni mugonjwa. Anaona wengine ndio wamelala. Nilikuwa muzima kwa sababu nilimeza dawa, nami nikafikiri sina tena lazima ya dawa kwa sababu niko muzima. Kisha miezi mitatu nikauza mashini ya kushona ya muke wangu, ile iliyolipa minerval. Binti yetu wa kwanza, mwenye miaka 16, akapoteza mwaka wa masomo. Hakunilaumu hata neno moja. Kimya chake kiliniumiza kupita ile kamba.

Mapatano ya nyumba yetu

Nilipotulia tena, tuliketi, muke wangu, mudogo wangu na mimi, tukaandika mapatano. Yasikie, labda yatakusaidia.

Kwanza, usingizi. Saa tatu ya usiku nalala. Sikubali kazi ya usiku, na katika veillée ya maombi naaga mapema. Mumoja aliniambia kwamba nakosa moto wa Roho. Nilimujibu: "Ndugu, wewe ukikosa kulala unasinzia, mimi nikikosa kulala nauza nyumba."

Pili, franga. Zinakaa kwa mama. Kitu kikubwa hatununui mbele ya siku saba kupita, na sahihi ni mbili.

Tatu, lutuku na pombe nyingine siguse.

Ine, kinini sizipunguzi wala siziachi bila munganga, hata kama najiona muzima. Hasa siku hiyo.

Tano, hao wawili wana ruhusa kuniambia: "Baba, unapanda." Wakisema hivyo, ninaenda kwa munganga wiki ileile, bila kugombana. Wamekwisha kulisema mara mbili. Mara ya pili nilikasirika sana. Lakini nilienda.

Wewe kijana, ujue kwamba mara nyingi ugonjwa huu unaanza wakati wa ujana. Ukijiona unapanda na kushuka hivyo, usijifiche. Ukisikia mawazo ya kufa, umuambie mutu leo, usingoje kesho. Na wewe uliyeambiwa, ukae naye, uondoe vya hatari, umusindikize kwa munganga. Kule Lubumbashi kuna kituo cha Joseph Guislain, na kule Bukavu kuna Sosame. Ukiwa mbali, uanze ku hospitali iliyo karibu.

Binti yetu alirudi shuleni mwaka uliofuata. Leo ni mwalimu. Siku ya ndoa yake, kwaya ikiimba na wageni wakiingia, aliniinamia sikioni na kuuliza: "Papa, ulimeza?" Nikamuonyesha kikaratasi katika mufuko, kinini ya asubuhi imetoka. Akacheka, akashika mukono wangu, tukaingia.

Muulizane hivyo nyumbani kwenu. Si haya.