Kabla Hujaomba Kuhesabiwa

Nakuru

Mpwa wangu mpendwa,

Umeniuliza mambo mawili: kama ni vibaya kuwaomba Wayahudi wa Gathundia, kule Nyandarua, wakupokee rasmi katika dini yao, na utamwambiaje mama yako. Kuna la tatu ambalo hukuuliza, na hilo ndilo nitakaloanza nalo. Jumamosi utakuwa wapi?

Itazame kalenda ya ukoo wetu. Ruracio, yaani kupeleka mahari, ni Jumamosi. Harusi ni Jumamosi. Mazishi, marehemu asipokuwa Msabato, ni Jumamosi. Sasa Sabato unayoitaka wewe haimzuii mtu kwenda kazini tu. Toka jua linapotua Ijumaa mpaka nyota zitokeze Jumamosi jioni, hupandi matatu, huwashi moto, hushiki pesa, hupokei simu. Hata maiti hazikwi siku hiyo. Nyanya yako ana umri wa kutosha, Mungu azidi kumweka, lakini siku yake itakapofika wazee watakaa na kutaja Jumamosi bila kufikiri mara mbili, kwa sababu ndiyo siku walio Nairobi wanapopata nafasi. Wewe utawaambia nini, tena siku hiyo hiyo ya msiba?

Sikuulizi hivyo nikutishe. Jirani zetu Wasabato walishalipatia jambo hili dawa zamani. Wanatangaza msimamo wao mapema, kabla hapajatokea kilio. Wakifiwa wenyewe wanazika katikati ya wiki. Jirani akifiwa, utawaona Alhamisi na Ijumaa asubuhi wanapasua kuni, wanasimamisha hema, wanamenya viazi gunia zima, na Jumapili wanarudi kuosha masufuria na kukunja viti. Hakuna anayewauliza Jumamosi walikuwa wapi. Nenda kwa wazee mwaka huu, wakati hakuna mgonjwa, uwaeleze. Nitakaa kando yako.

Umeniandikia kwamba kilichokuvuta ni jinsi walivyokupokea: hawakukuuliza kabila wala kazi, wakakupa kitabu cha sala, wakakuonyesha kwa kidole mstari uliofikiwa, kisha wakakugawia mkate. Sishangai. Kundi dogo humkaribisha mgeni kwa moyo kwa sababu linamwona. Kanisani kwetu mtu anaweza kupotea miezi mitatu na anayegundua ni mtunza bahasha za sadaka. Ila kuonekana huko kuna upande wa pili. Wayahudi wana sala ambazo hazisaliwi bila watu wazima kumi. Kuna jumuiya zinazohesabu wanaume peke yao, na kuna zinazohesabu wanawake pia, lakini kumi ni kumi. Wakiwa tisa, hati ya Torati haisomwi hadharani kwa utaratibu wake, na aliyefiwa hawezi kusema Kadishi, ile sala ya kumtukuza Mungu ambayo mtoto humsalia mzazi wake kwa miezi kumi na mmoja. Fikiri basi: mtu wa jumuiya amefiwa na baba, ametembea kwenye matope asubuhi ya baridi, na wa kumi ni wewe, nawe umebaki Nakuru kutazama mpira. Huyo utakuwa umemnyang'anya kitu.

Ndiyo maana nakwambia usiombe kupokewa kwa sababu ya furaha ya sikukuu. Pasaka, wanaposimulia safari ya kutoka Misri, ni tamu, mishumaa ya Hanuka inapendeza, na wakija wageni kutoka Marekani kunakuwa na nyimbo na kamera. Nenda wiki ambazo hakuna kitu. Nenda mvua ya Aprili, nenda Julai wakati baridi ya Nyandarua inapasua midomo. Ukiona baada ya mwaka kwamba bado unatamani kwenda, hapo tuzungumze.

Katika kuishika Sabato una bahati moja ambayo Myahudi wa London hana. Kule majira ya baridi jua linatua saa kumi hivi za jioni na kiangazi linachelewa hadi saa tatu usiku, kwa hiyo Sabato yao inahamahama mwaka mzima. Sisi tuko kwenye ikweta. Yako itaingia karibu na saa kumi na mbili u nusu kila Ijumaa, Januari hadi Desemba. Ila barabara ya Subukia na ile ya Dundori na Ol Kalou zote zina milima, na matatu haiondoki mpaka ijae. Toka stendi kabla ya saa nane mchana, ulale Gathundia, urudi Jumapili alfajiri. Mwombe mwajiri wako nusu siku ya Ijumaa, nawe umfidie kwa Jumapili nzima. Usimweleze Torati. Mwambie utashika zamu ya Jumapili, na atakusikiliza.

Wapo watakaokucheka kwamba unakimbilia dini ya kigeni. Waambie Bonde la Ufa limewajua Wayahudi siku nyingi. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alitaka kuwapa Wazayuni ardhi katika uwanda wa Uasin Gishu. Walituma watu kuikagua, na mwaka 1905 kongamano lao likakataa. (Wenye ardhi, Wanandi wakiwamo, hakuna aliyewauliza lolote, lakini hayo ni ya barua nyingine.) Miaka ya 1930 wakaja waliomkimbia Hitler. Mmoja wao, Stefanie Zweig, alisoma shule ya bweni hapa Nakuru akiwa mtoto, na riwaya yake Nirgendwo in Afrika imetokana na maisha ya familia yake kwenye mashamba ya huku. Filamu iliyotokana na riwaya hiyo ilishinda Oscar mwaka 2003. Mji huu ulikuwa na jumuiya ya sala ya Wayahudi. Na pale Gilgil, toka 1947 hadi Julai 1948, Waingereza waliwafunga Wayahudi waliopigana nao Palestina, mmoja wao akiwa Meir Shamgar, ambaye baadaye alikuwa rais wa Mahakama ya Juu ya Israeli.

Hao walipita, wakaenda zao. Watu wako wa Gathundia ni wa aina nyingine: wenyeji wa Nyandarua waliokuwa katika kanisa lililochanganya Yesu na desturi za Kiyahudi. Walipotambua kwamba hivyo ni vitu viwili, baadhi yao walitoka, wakaenda hadi sinagogi la Nairobi kuuliza, wakafahamiana pia na Abayudaya, Wayahudi wa Mbale huko Uganda, wale ambao Semei Kakungulu aliwaanzisha mwaka 1919 kwa kusoma Biblia mwenyewe, na ambao walisali kwa kujificha Idi Amin alipowapiga marufuku. Kwa uamuzi huo wa kutoka nawaheshimu watu wako. Ni rahisi kubaki katikati ukala huku na huku.

Na kwa sababu hiyo hiyo, kwa mama yako usizunguke. Atakuuliza swali moja tu: na Yesu je? Ukimjibu kwamba hakuna kilichobadilika, utakuwa umemdanganya, na atajua. Mwambie ukweli kwa sauti ya chini, ukiwa umeketi jikoni kwake siku ya Jumapili, kamwe usimwambie kwa simu. Mimi ni mzee wa kanisa, mpwa wangu. Jambo hili linaniuma, na nisingependa uambiwe na mtu mwingine. Lakini afadhali mwana wa dada yangu anayesali kweli mahali nisipopapenda kuliko anayesinzia kwenye benchi langu.

Kisha usimkagulie mama yako sufuria. Mutura hutakula tena, maana damu kwa Wayahudi ni marufuku kabisa, na nyama haichanganywi na maziwa, wala haifai kama haikuchinjwa kwa utaratibu wao. Sawa. Githeri ipo, mukimo upo. Nunua sufuria yako moja mpya, sahani na kijiko, uviweke kwake ndani ya kikapu, na ukija upike mwenyewe, upike cha kutosha na yeye aonje. Mama anayeona mwanawe amekataa chakula chake anaumia kuliko anayesikia amebadilisha dini.

Kuhusu tohara, mimi mjomba wako nilisimama nawe Desemba ile baada ya mtihani wa darasa la nane, kwa hiyo nina haki ya kusema. Aliyekwisha kutahiriwa hutolewa tone moja la damu, basi. Lakini ukijaliwa mtoto wa kiume, wao humtahiri siku ya nane. Hatakuwa na rika la kukaa naye kibandani kama wewe. Mwambie msichana wako hilo kabla hamjafika kwa wazazi wake.

Limebaki la pasipoti, nami nitasema waziwazi kwa kuwa wengine watakunong'onea. Kama kuna chembe moyoni mwako inayowaza ndege ya kwenda Israeli, itoe. Desemba 2016 kijana wa jumuiya hiyo alifika uwanja wa ndege wa Ben Gurion kule akiwa na viza mkononi, amealikwa kwenda kusoma, akazuiwa, akarudishwa. Tena Wayahudi wenyewe hawakubaliani: rabi wa upande mmoja akikupokea, wa upande mwingine anaweza kusema bado. Wewe utakuwa Myahudi wa Nyandarua, unayejulikana na watu wachache sana, na huenda ikabaki hivyo.

Usishangae pia wakikuambia usubiri. Desturi yao ya zamani ni kumrudisha anayegonga mlango, hata mara tatu. Hawaiti watu mbele kama sisi, wala hawasemi kwamba asiye Myahudi amepotea. Kwao mtu wa mataifa anayeishi kwa haki hana deni. Kwa hiyo hakuna moto unaokukimbiza. Soma herufi za Kiebrania mpaka usihitaji kidole cha mtu.

Siku watakapokubali, utasimama mbele ya watatu wa kukuhoji na utazamishwa majini. Ikiwa itabidi uende Mbale, nijulishe mapema, kabla ya ada za shule za Januari. Nauli ya kupitia Eldoret na Malaba nitatoa nusu. Nusu nyingine itafute mwenyewe, na usimwombe mama yako.

Ni mimi, mjomba wako.