UNAACHA KAZI NA WENZAKO WAMEBAKI WACHACHE?



Leo naongea na wewe ambaye barua ya kuacha kazi umeshaiandika, iko kwenye simu, na kila ukitaka kuituma roho inakusuta. Unasema, "Pasta, tuko watatu tu. Nikitoka, zamu yangu atashika nani?"

Huku Lamu swali hilo si la mchezo. Kwa miaka mingi boti za kwenda Pate zilikuwa zikingoja maji yajae ndipo zipite Mkanda. Mama akishikwa na uchungu usiku, tegemeo lake ni nesi aliye kwenye zamu. Dada mmoja wa kazi hiyo aliniambia amepata nafasi Mpeketoni, waliko watoto wake, na wiki nzima hajalala. Sikumwambia anajisumbua bure. Asiyejali hakosi usingizi.

Nilimfungulia Matendo 13. Antiokia walikuwa na manabii na walimu watano wanaotajwa kwa majina: Barnaba, Simeoni, Lukio, Manaeni na Sauli. Roho Mtakatifu akataka wawili. Wawili kati ya watano! Tena ni wale wale waliolifundisha kanisa hilo mwaka mzima. Hatusomi kwamba walitafutwa wengine kwanza. Walifunga, wakaomba, wakawawekea mikono, wakawaacha waende. Ukifika sura ya 15 mstari wa 35, wanaofundisha Antiokia ni wengi. (Sisemi zahanati yako itajazwa upesi hivyo. Serikali si Antiokia.)

Mpendwa, kuajiri watu wa kutosha ni kazi ya mwajiri. Deni lako wewe ni kuondoka vizuri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28, isipokuwa mkataba unataka zaidi. Zitumikie zote kwa moyo. Andika ni mama gani anakaribia kujifungua, ni dawa gani inakwisha, nani apigiwe simu boti ikiharibika. Usipande boti ya alfajiri bila kuaga. Yohana Marko aliwaacha wenzake Pamfilia, na Paulo hakulisahau jambo hilo upesi.

Mkubwa wako akisema, "Ngoja kwanza tupate mwingine," mwulize kwa heshima: lini? Akikupa tarehe, ipime na nyumba yako. Asipokuwa na tarehe, anakuomba ukae tu, na hilo una ruhusa ya kulikataa.

Na ninyi mnaobaki, najua mtachoka. Lakini msimnunie anayekwenda. Zamu zenu mbili mbili hakuzipanga yeye. Andikeni barua kwa aliyezipanga, wote mtie sahihi.

Ijumaa kwenye mkesha tutawaombea wanaoondoka na wanaobaki. Andika jina lako la kwanza na kisiwa chako hapo chini. Jina la mwajiri usiliweke.