Bei ya Birika

Vitu vya matumizi ya mwanadamu vina tabia mbalimbali. Baadhi hupokezana zamu: mchele ukikosekana, unga wa mahindi hushika mahali pake. Vingine ni pacha, na kimoja pasipo mwenziwe ni bure. Kiatu cha kulia ni mzigo kama cha kushoto kimepotea, na taa isiyo na mafuta haifukuzi giza. Fedha inapokuwa haba, kutoijua tofauti hii ni hasara kubwa kuliko uhaba wenyewe.

Mama mmoja, muuza chai katika mji wa Tanga, alijifunza jambo hilo kwa gharama. Mtaji wake ulikuwa shilingi 6,000, na haja yake ilikuwa viatu vya shule vya binti yake. Birika moja lilihitaji pakiti ya majani ya chai ya shilingi 500 na nusu kilo ya sukari ya shilingi 1,000. Siku moja ulivuma uvumi sokoni ya kwamba sukari itapanda bei. Hofu ikamshika, akanunua nusu kilo tano za sukari, na salio likampa pakiti mbili tu za majani. Jioni alikuwa ameuza mabirika mawili, na kilo moja na nusu ya sukari ilibaki ikiviziwa na sisimizi. Sukari ile haikumletea mteja hata mmoja, maana hakuna aliyekuja kunywa sukari.

Usiku binti alipiga hesabu nyuma ya daftari lake. "Mama," alisema, "tusihesabu bei ya sukari wala bei ya majani. Tuhesabu bei ya birika." Birika lilikuwa shilingi 1,500, basi shilingi 6,000 zilitosha mabirika manne, bila kubaki punje wala jani.

Uvumi ulipotimia, nusu kilo ya sukari ilifika shilingi 1,500. Birika likawa shilingi 2,000, na mtaji ukatosha mabirika matatu. Majani hayakupanda bei hata senti moja, walakini nayo yalinunuliwa pungufu, kwa kuwa mwenziwe ameadimika. Mama alijaribu kupunguza sukari ili chai iwe nyingi. Wateja wakaonja, wakanyamaza, na kesho yake wakaonekana kwa jirani. Ndipo alipotambua ya kwamba kipimo cha sukari na majani hakiwekwi na mfuko wa muuzaji, bali huwekwa na ulimi wa mnywaji.

Wassily Leontief, mtaalamu wa uchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alivieleza viwanda vya taifa zima kwa uwiano wa namna hiyo: kila zao hudai vipimo vyake, na kilichopungua ndicho kinachoweka mpaka. Kanuni ya wataalamu na hesabu ya daftari zilikuwa na maana moja. Watu wengi hujisifu kwa wingi wa walichonacho. Mwenye busara hutazama kilichopungua, akakiongeza kwanza.

Baada ya majuma mengi ya mabirika matatu matatu, mama na binti walikwenda kununua viatu. Mwenye duka hakutaja bei ya kiatu kimoja. Alitaja bei ya jozi, nao wakatazamana wakacheka.